SHINGO INAUMA: IJUE, ITIBU, NA UJUE LINI UKIMBIE HOSPITALI



Hili swali nimeulizwa sana hapa Majengo. Watu wakishajua kazi yako ni tiba ya viungo, hata ukienda sokoni kununua nyanya unaonyeshwa shingo! Leo nimeona niandike yote mahali pamoja, mwenye kumsomea mama amsomee, mwenye kumtumia jirani amtumie.

Kwanza ujue hauko peke yako. Hesabu za dunia za mwaka 2020 zilionyesha watu milioni 203 wana maumivu ya shingo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

SHINGO IKOJE?

Ina pingili 7. Twiga wetu pamoja na urefu wote ule naye anazo 7 tu, ila zake ni ndefu. Pingili mbili za juu kabisa ndizo zinafanya karibu nusu ya kazi ya kugeuza kichwa kulia na kushoto. Kuanzia ya pili kushuka chini, kati ya pingili na pingili kuna diski, kama kijimto chenye majimaji. Katikati ya mifupa unapita ugwe mgongo unaotoka kwenye ubongo, na pembeni zinachomoza jozi 8 za mishipa ya fahamu, nyingi zikielekea mabegani na mikononi. Ndo maana mtu analalamika ganzi ya kidole gumba, kumbe tatizo liko shingoni.

Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 4.5 hadi 5. Ukikiweka wima, mifupa inabeba bila shida. Ukikiinamisha, misuli ya kisogoni ndiyo inavuta kamba kutwa nzima. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj wa New York alipiga hesabu kwa kompyuta akapata kwamba ukiinamia simu kwa nyuzi 60, mzigo shingoni unafika kama kilo 27. Ile ni hesabu, hakuna mtu aliyepimwa, lakini picha unaipata.

KWA NINI INAUMA?

1. Misuli kuchoka. Hii ndiyo sababu ya wengi. Fundi cherehani aliyeinama toka asubuhi, karani wa kompyuta, kijana wa simu, dereva wa bodaboda, wote kundi moja. Wanaopogoa zabibu mikono ikiwa juu nao wamo. Kulala vibaya pia, unaamka shingo imekakamaa haigeuki.

2. Mizigo ya kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bado ndoo yenyewe. Utafiti uliofanyika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, ukatolewa mwaka 2010, uliwakuta wabeba maji wengi wakilalamikia shingo au mgongo. Kwa ndugu zetu wanaoshusha magunia hali ni ngumu zaidi. Shirika la Kazi Duniani katika pendekezo lake la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo ambao mfanyakazi mwanaume mzima abebe peke yake kwa mikono. Sasa gunia la kilo 100, tena likiwa lumbesa, we piga hesabu mwenyewe.

3. Umri. Diski zinakauka maji, mifupa inaota vijichongo pembeni. Wengi waliovuka miaka 50 wanavyo na hawana maumivu yoyote. Kwa hiyo ukipigwa X-ray ukaambiwa "mifupa imesagika", usikate tamaa, picha peke yake haisemi utaumwa maisha.

4. Diski kusukuma mshipa wa fahamu. Hapa maumivu yanashuka mkononi kama umeme, na ganzi juu.

5. Mawazo na kukosa usingizi. Mtu mwenye msongo anakaza mabega bila kujijua.

Na ule upepo wetu wa Dodoma wa Juni na Julai, je? Baridi inafanya misuli ikaze, hilo ni kweli. Haili mfupa. Vaa mtandio au skafu, inatosha.

TIBA YA NYUMBANI

Shingo ya misuli kwa kawaida inaanza kupoa ndani ya siku chache na kutulia katika wiki chache. Fanya hivi:

- Usilale kitandani kutwa. Endelea na shughuli nyepesi, geuza shingo taratibu mpaka inapokubali.
- Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 15 hivi. Usijiunguze.
- Paracetamol inaruhusiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Diclofenac na ibuprofen ni za siku chache tu, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au ujauzito asiziguse bila kumuuliza mtaalamu. Wapo watu hapa wanameza diclofenac kila jioni mwaka mzima kama chai. JAMANI, hizo zinatoboa tumbo na kuchosha figo.
- Mto mmoja tu, unaojaza nafasi kati ya bega na sikio ukilala ubavu. Kulalia tumbo acha.

Mazoezi, mara 3 kwa siku, kila moja mara 10:
a) Kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama unatengeneza kidevu cha pili, hesabu 5, achia.
b) Geuka taratibu kulia, kisha kushoto.
c) Laza sikio kuelekea bega bila kupandisha bega.
d) Bana mabega kwa nyuma, hesabu 5, achia.
Kuvuta kidogo ni sawa. Likija la kuchoma au ganzi ikishuka mkononi, simama hapo.

Kazini: kila nusu saa nyanyuka. Fundi, pandisha kiti au meza ili kazi ikufuate machoni. Simu ilete juu. Mzigo wa kichwani gawanya, beba mara mbili, na kama upo uwezo tumia toroli au baiskeli.

HUYU WA SALUNI JE?

Hapa nitasema bila kuuma maneno. Kinyozi anamaliza kukunyoa, anakushika kidevu na kisogo, anakugeuza GHAFLA mpaka shingo inalia "kaa!" Unasikia raha, unalipa. Ule mlio ni wa hewa kwenye kiungo, hakuna kilichorudi mahali pake. Lakini pembeni mwa zile pingili kuna mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, na kuna watu duniani ambao ilichanika kwa mgeuzo wa namna hiyo wakapata kiharusi. Ni nadra, ila ikikukuta wewe haitakuwa nadra tena. Mwambie kinyozi akukande mabega kwa mafuta, shingo aiache.

HAPA KIMBIA HOSPITALI

- Homa, kichwa kinauma sana, shingo imekakamaa kidevu hakigusi kifua, mwanga unaumiza macho, kutapika au kuchanganyikiwa. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, nayo inaua kwa saa. Usinunue dawa ya malaria ukalala usubiri kesho.
- Shingo na taya kukaza baada ya msumari au kidonda kichafu: pepopunda.
- Mkono au miguu kuishiwa nguvu, kupepesuka, vitu kukuponyoka mkononi, mkojo au choo kutoka bila kujua.
- Maumivu yanayozidi usiku, kukonda, jasho la usiku, homa za jioni. Kifua kikuu kinaingia hata kwenye mifupa ya shingo, na vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Sisi wa kanda ya mifugo, tunaokunywa maziwa mabichi, tumtajie na hilo daktari. Kuna homa ya brusela, nayo inashika mgongo na viungo.
- Maumivu ya shingo au taya pamoja na kifua kubana na jasho jembamba: huo huenda ni moyo.

Kama ni ganzi tu au maumivu yaliyopita wiki 6, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa ikibidi. Waulize kuhusu fiziotherapia, wengi wanaondoka na vidonge tu kwa sababu hawakuuliza.

AJALI YA BODABODA

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mtu ameanguka, wanakuja wasamaria wema, mmoja kwapani mwingine miguuni, kichwa kinaning'inia, anakunjwa kwenye bajaji. Shingo iliyovunjika bila kugusa ugwe mgongo inaweza kupona. Ikikunjwa vile, mtu anaweza kupooza maisha yake yote, na aliyempooza ni mwenye huruma.

Kama anapumua na hakuna hatari ya moto au magari, mwache alivyo. Mtu mmoja apige magoti, ashike kichwa pande zote mbili kisicheze. Usimvue kofia ngumu isipokuwa inamzuia kupumua. Ikilazimu kumhamisha, kichwa, shingo na kiwiliwili vigeuzwe KWA PAMOJA, kama unabiringisha gogo, alazwe kwenye ubao au mlango ulionyooka, apandishwe pikapu. Bajaji hapana.

Nawasilisha. Mwenye swali au la kuongeza aandike hapo chini, nitajibu ninapoweza. Ila ukiwa na dalili yoyote kati ya zile za kukimbia hospitali, tafadhali usikae kusubiri jibu langu. Nenda.