Jina Moja, Ndege Wengi: Vitwitwi wa Mida
Maji yapwapo katika hori ya Mida, karibu na Watamu, ndege wadogo wafananao hutua pamoja matopeni, na jina "kitwitwi" huwafunika wote. Sayansi nayo ilitatizwa. Pallas alimpa jina kitwitwi mdogo wa mchangani mwaka 1776. Lesson akampa jina mkubwa, mwenye mdomo na miguu mirefu zaidi, mwaka 1826. Wa tatu, aliyepewa jina na Wagler mwaka 1829, baadaye alijumlishwa na yule mdogo. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba huyo wa tatu, ambaye hufika Mida, ana udugu wa karibu zaidi na mkubwa. Basi kutobagua si upungufu wa Kiswahili pekee. Na hesabu ya jina moja huweza kuficha ndege anayepungua.