Intel au AMD? Kabla hujabadili prosesa, angalia kwanza mazabodi yako

Ubishi wa Intel na AMD ni kama wa Simba na Yanga: kila mtu ana upande wake na hakuna anayekubali kufungwa. Lakini kwa mwenye steshenari, studio ya video au ofisi ndogo pale Mazwi, Sumbawanga, swali linalogusa mfuko ni jingine: prosesa mpya itaingia kwenye mashine niliyonayo, au nitalazimika kununua karibu kila kitu upya?

Ukiwa Rukwa swali hili lina uzito wake. Kutoka Kariakoo hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, na spea ikiagizwa huko inakuja kwa basi. Ukikosea soketi, kurudisha mzigo ni gharama nyingine na siku nyingine za kukaa bila kazi. Muuzaji akigoma, hasara ni yako.

Haya ndiyo ya kujua kabla hujatuma pesa.

Vitu vitatu vinavyokwenda pamoja

Prosesa inachomekwa kwenye soketi ya mazabodi, na mazabodi ndiyo inayoamua utumie RAM ya aina gani. Kwa hiyo prosesa, mazabodi na RAM ni seti moja. Soketi ikikubali, unanunua kitu kimoja. Ikikataa, unanunua vitatu, na mara nyingine unaongeza feni na pawa saplai.

RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina mkato sehemu yake, hata ulazimishe vipi haitaingia kwenye nafasi ya mwenzake.

AMD: soketi moja, miaka mingi

AMD ilizindua Ryzen Machi 2017 kwenye soketi ya AM4. Soketi hiyohiyo ikapokea vizazi vilivyofuata hadi mfululizo wa 5000. Maana yake, mtu mwenye mazabodi ya mwaka 2017 anaweza kuweka Ryzen 5 5600 iliyotoka 2022, akabaki na RAM yake ya DDR4, ilimradi mtengenezaji wa mazabodi hiyo ametoa BIOS mpya inayoitambua.

Septemba 2022 ikaja AM5, ambayo inatumia DDR5 tu. Imeshapokea Ryzen 7000, 8000G na 9000, na AMD imeahidi kuendelea nayo angalau hadi 2027.

Angalizo: Ryzen 5 5600 haitoi picha yenyewe. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi. Kwa mashine ya ofisi isiyo na kadi, tafuta yenye herufi G, mfano 5600G.

Intel: ipo kila kona, soketi hubadilika haraka

LGA 1151 ilikuja 2015, LGA 1200 ikaja 2020, LGA 1700 ikafuata 2021 na LGA 1851 ikatoka 2024. Hata majina yakifanana usiamini haraka. Prosesa za kizazi cha 8 zinatumia soketi iitwayo LGA 1151, lakini Intel haikuzifungulia mazabodi za kizazi cha 6 na 7 zenye jina hilohilo.

Yenye nafasi zaidi ni LGA 1700, inayobeba kizazi cha 12, 13 na 14. Mazabodi zake zipo za DDR4 na za DDR5, hivyo uliza kabla ya kununua. Kama una i3 ya kizazi cha 12, unaweza kupanda hadi i5 au i7 bila kugusa vingine, ukishasasisha BIOS na kuhakikisha feni na pawa saplai zinaimudu.

Kuna doa la kukumbuka. Mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa prosesa kadhaa zenye nguvu za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinapokea volteji kubwa kupita kiasi na kuharibika taratibu. Ilitoa marekebisho ya BIOS na kuongeza miaka 2 ya dhamana. Marekebisho hayo yanakinga, lakini hayaponyi iliyokwisha kuharibika. Ukiuziwa i7 au i9 ya vizazi hivyo iliyotumika, ijaribu kwanza kwa kazi nzito. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Nguvu ya Intel kwetu ni mtumba. Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani nyingi ni za Intel, na mafundi wamezizoea. Shida yake ni kwamba nyingi zina mazabodi na pawa saplai za umbo lao wenyewe. Usipange kununua kasha la OptiPlex leo ukitegemea kuweka mazabodi ya kawaida kesho.

Windows 10 imebadilisha hesabu

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa ujumla, Intel kizazi cha 8 kwenda juu au Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na ulinzi wa TPM 2.0 ambao mara nyingi unawashwa ndani ya BIOS.

Hapa ndipo wengi wanaweza kupoteza pesa. Chukua mashine yenye i5-4570, kizazi cha 4. Fundi anaweza kukushauri uweke i7-4770. Itaingia vizuri na utaona kasi kidogo. Lakini hiyo nayo ni ya mwaka 2013. Hakuna prosesa yoyote ya soketi hiyo, LGA 1150, inayokubaliwa rasmi na Windows 11. Umelipia, halafu bado uko palepale.

Usisahau LUKU

Kwa miaka mingi Sumbawanga imekuwa ikitegemea umeme unaotoka Zambia, na mwenye kompyuta ya biashara anajua maana ya kukatika katikati ya kazi. UPS ndogo haipendi prosesa yenye njaa. Ryzen 5 5600 na Core i5-12400 zote zimewekewa kiwango cha wati 65. Core i9-14900K, ikibanwa na kazi, inaruhusiwa kufika wati 253.

Piga hesabu: tofauti ya wati 100 kwa saa 8, siku 26 za kazi, ni karibu uniti 21 kwa mwezi. Kwa kuchapa barua na kutoa kopi, huo ni umeme wa kumwaga.

Baridi ya Ufipa inasaidia kupoza mashine, lakini vumbi la kiangazi linaziba feni. Kompyuta iliyoanza kuwa nzito ghafla inaweza kuhitaji kupulizwa vumbi na kupakwa upya dawa ya kupitisha joto, kazi ya nusu saa kwa fundi.

Uamuzi wako, kulingana na ulichonacho

Una AM4: baki. Kununua Ryzen 5000 ndiyo njia nafuu ya kupata kasi, kwa sababu RAM na mazabodi vinabaki. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei duniani, viwanda vikikimbilia mahitaji ya vituo vya akili bandia, hivyo kuhamia DDR5 sasa kunauma zaidi.

Una LGA 1700: baki Intel. Bado una nafasi ya kupanda.

Una Intel kizazi cha 8 au 9: prosesa yako inakubalika Windows 11. Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, weka SSD na ufikishe RAM GB 16 kabla ya kufikiria prosesa.

Una Intel kizazi cha 7 kurudi nyuma: usinunue prosesa. Weka pesa hiyo ununue mashine nzima ya mtumba ya kizazi cha 8 au zaidi. Ukiwa hujafikisha, SSD itakusogeza, na kwa kuandika na kuvinjari tu Linux Mint inatosha. Hakikisha kwanza printa yako inaikubali.

Unaanza upya na unahariri video kila siku: AM5 inakupa miaka zaidi ya kubadili prosesa tu. Intel nayo ina kipengele cha Quick Sync kinachoharakisha kutoa video bila kadi ya picha, faida kubwa kwa anayerekodi harusi. Kama huna mpango wa kuibadili kwa miaka mitano, soketi isikunyime usingizi; angalia bei ya seti nzima.

Kabla hujatuma pesa

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Piga picha jina la prosesa na mstari wa BaseBoard Product.
2. Kwenye Intel Core i, tarakimu za mwanzo ni kizazi: i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12.
3. Ingia tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika na BIOS inayotakiwa.
4. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, na mashine iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa.
5. Angalia herufi ya mwisho. Intel yenye F haitoi picha yenyewe.
6. Mtumie muuzaji picha hizo, na kubaliana naye kwa maandishi kwamba isipoingia anairudisha.

Mashabiki waendelee kubishana. Wewe soma kwanza jina la mazabodi yako, kwa sababu ndilo linaloamua kama basi la Dar litakuletea bahasha moja au maboksi matatu.