Rovu: Jinsi chumvi ya pwani inavyolinda ukuaji wa watoto wa Mlima Elgon

Cheptais, katika Kaunti ya Bungoma, iko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Ni ardhi yenye rutuba inayotoa mahindi, viazi, vitunguu, kabeji, ndizi na kahawa, na ng'ombe hawakosi malisho. Hata hivyo, katika nyanda za juu kama hizi mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akakosa kitu kimoja ambacho kiasi chake hakionekani kwa macho. Kitu hicho ni ayodini, ambayo Watanzania huiita madini joto.

Mahitaji yenyewe ni madogo mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mikrogramu 90 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, 120 kwa mwenye umri wa miaka sita hadi 12, na 150 kwa mtu mzima. Mama mjamzito na anayenyonyesha huhitaji 250. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Ayodini hutumiwa na tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo chini kidogo ya kongomeo, na yenye umbo linalofanana na la kipepeo. Tezi hiyo huichukua kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni zinazouamuru mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo upige kwa mwendo upi, mifupa irefuke vipi na, zaidi ya yote, ubongo wa mtoto ujijenge kwa utaratibu gani. Homoni zikipungua, tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, huihimiza thairoidi ifanye kazi zaidi. Thairoidi nayo, kwa kukosa malighafi, hupanuka ikijaribu kunasa kila chembe inayopita. Uvimbe unaotokea ndio rovu.

Makao makuu ya ayodini ni bahari. Hutoka humo ikapanda hewani na kurudi ardhini pamoja na mvua, lakini kwenye milima mvua hiyo hiyo huiosha kutoka kwenye udongo na kuirudisha mabondeni na mitoni. Elgon ni volkano ya kale yenye kilele cha mita 4,321, na miteremko yake imeoshwa na mvua kubwa kwa maelfu ya miaka. Mmea uliooteshwa katika udongo usio na ayodini hauna ayodini, na maziwa ya ng'ombe aliyelishwa hapo huwa nayo kidogo tu. Ndiyo sababu rovu limekuwa ugonjwa wa milimani tangu zamani, kuanzia Alps za Ulaya na Himalaya hadi nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Wapo watakaouliza: mbona Elgon ina chumvi yake? Ni kweli. Katika pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia, ndovu wamezoea kuingia gizani na kuchokonoa kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi, na wafugaji wa mlima huo wametumia mawe ya mapangoni kulambisha mifugo. Lakini chumvi ya miamba hiyo inasifika kwa sodiamu, na ladha ya chumvi si ushahidi wa ayodini. Hali ni hiyo hiyo kwa musherekha, maji ya majivu ambayo Waluhya huyatumia kulainishia mboga za kienyeji. Mboga huwa tamu na laini, lakini thairoidi haifaidi chochote. Hata omena, ambaye ni chakula bora cha kumjenga mtoto, hutoka katika maji yasiyo ya chumvi ya Ziwa Victoria na hawezi kulinganishwa na samaki wa baharini kwa ayodini.

Suluhisho lilipatikana katika chumvi ya dukani. Uswisi na Marekani zilianza kuitia ayodini katika miaka ya 1920. Kenya iliifanya kuwa lazima mwaka wa 1978 chini ya sheria ya chakula, na mwaka wa 1988 kiwango kikawekwa kuwa miligramu 168.5 za ayodeti ya potasiamu kwa kila kilo ya chumvi. Kiwango hicho kilikuwa cha juu, na kimepunguzwa baadaye. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 1994 bado ulipata rovu kwa takriban asilimia 16 ya watoto wa shule. Tangu hapo chumvi yenye ayodini imeenea hata ikawa karibu kila jikoni nchini, na sehemu kubwa yake hutengenezwa kwa maji ya Bahari Hindi huko Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Kwa hesabu rahisi, chumvi yenye miligramu 30 za ayodini kwa kila kilo humpa mtu mzima mikrogramu zote 150 anazohitaji katika gramu tano tu, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku. Kwa hivyo ushauri wa madaktari wa kupunguza chumvi ili kuzuia shinikizo la damu haupingani na kinga ya rovu.

Rovu huonekana, na kwa hiyo ndilo linalotajwa. Madhara makubwa zaidi hayaonekani shingoni. Katika miezi ya kwanza ya mimba kijusi hakina thairoidi inayofanya kazi, na hutegemea homoni za mama pekee. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na akili iliyodumaa, kiziwi au mwenye kimo kifupi kupita kiasi, na dawa ya baadaye haiwezi kurudisha kilichopotea. Upungufu wa wastani huenda usimfanye mgonjwa wa kuonekana, bali humpunguzia wepesi wa kujifunza. Nchini Tanzania, ambako wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye ayodini kuanzia miaka ya 1980, wachumi watatu walichapisha mwaka wa 2009 utafiti uliodai kwamba watoto ambao mama zao walikingwa walisoma kwa muda mrefu zaidi, hasa wasichana. Wenzao waliozirudia hesabu hizo mwaka wa 2020 walisema ushahidi huo si imara kama ulivyoelezwa. Ubishi ulihusu ukubwa wa faida shuleni. Kwamba ubongo wa kijusi huhitaji homoni hizo ni jambo lisilobishaniwa.

Chakula nacho kinaweza kuzidisha tatizo. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti wa Ubelgiji waligundua kwamba rovu lilikuwa jingi zaidi kaskazini kuliko kusini magharibi, ingawa ayodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti ilihusishwa na muhogo usioandaliwa vizuri, ambao huacha mwilini kemikali zinazoizuia thairoidi kunasa ayodini. Kabeji ina kemikali za jamii hiyo pia, lakini mkulima wa Cheptais hana haja ya kuikimbia: ikipikwa, na chumvi ya jikoni ikiwa na ayodini, haileti hofu.

Kuna watoto ambao chumvi haiwezi kuwasaidia. Hawa huzaliwa bila thairoidi, au nayo ikiwa na hitilafu. Kwa kadirio la nchi nyingi ni mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000. Siku za kwanza huwa hawana dalili, kwa kuwa homoni za mama bado zimo mwilini. Baadaye manjano ya macho hukawia kuisha, choo huwa kigumu, kilio huwa cha sauti nzito, ulimi huonekana mkubwa, kitovu hutokeza na ngozi huwa baridi. Mtoto hulala sana na hunyonya kwa uvivu. Mara nyingi jamaa humsifu kuwa ni mtoto mpole asiyesumbua, na sifa hiyo imewagharimu wengi. Tone la damu kutoka kisiginoni hutosha kugundua kasoro hiyo, na kidonge kimoja cha homoni kila siku, kilichosagwa katika maji au maziwa ya mama, humwezesha kukua kama wenzake, mradi kianze katika majuma mawili ya kwanza. Nchi tajiri hupima kila mtoto anayezaliwa. Kenya haina mpango wa kitaifa wa namna hiyo, kwa hivyo kazi hubaki kwa jicho la muuguzi na la mama.

Kwa mtoto mkubwa, kipimo cha kwanza ni kimo. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50, huongeza takriban 25 katika mwaka wa kwanza, na kuanzia umri wa miaka minne hadi balehe huongeza tano au zaidi kila mwaka. Anayeongeza chini ya nne anastahili kuchunguzwa hata kama anakula vizuri. Si kila kimo kifupi ni njaa, wala si kila kimoja ni urithi wa wazazi: huenda ni thairoidi, homoni ya ukuaji inayotoka katika pituitari, au maradhi ya muda mrefu ya figo au utumbo. Vivyo hivyo, matiti kuota kwa msichana kabla ya umri wa miaka minane, au mvulana kufikisha miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe, ni mambo ya kumwonyesha daktari. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina mchoro wa ukuaji, lakini katika vituo vingi uzito hujazwa na urefu huachwa wazi.

Madaktari wa homoni za watoto walikuwa wachache mno barani Afrika hadi mwaka wa 2008, kilipoanzishwa Nairobi kituo cha kuwafunza, ambacho kimewapokea wanafunzi kutoka mataifa mengi. Kwa familia ya Cheptais, safari huanzia katika hospitali ya hapo hapo, kisha Bungoma au Kitale, na kwa kesi ngumu Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Mzazi anayefunga safari hiyo hufanya vyema kubeba kijitabu cha mtoto na vipimo vyote vya kimo vilivyoandikwa, kwa maana daktari hutazama mwendo wa ukuaji kwa miezi na miaka, na kipimo cha siku moja humwambia machache.