Tiketi ya asubuhi: kutoka Kerberos hadi aws sso login

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Wiki hii kijana mmoja tuliyemwajiri juzi aliniuliza: "Bosi, kwa nini kila asubuhi lazima niandike aws sso login? Si mnipe tu ufunguo niuweke kwenye faili nimalizane nayo?"

Nilimwambia ufunguo huo tuliwahi kuwa nao. Mwaka 2016, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, mwenzetu aliibiwa kipakatalishi ndani ya matatu. Kwenye faili ya ~/.aws/credentials mlikuwa na ufunguo wa miaka minne. Kuuzima ni kazi ya dakika moja, nasi tukauzima. Kumbe ufunguo uleule ulikuwa umenakiliwa kwenye skripti ya malipo, na hakuna aliyekumbuka. Malipo ya wateja yalisimama usiku kucha. Sisi wenyewe ndio tulioyasimamisha, si mwizi.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya ugonjwa huo ilikuwa ya zamani sana.

Mwaka 1983 chuo cha MIT kule Marekani, pamoja na kampuni za DEC na IBM, kilianzisha mradi wa Athena: kompyuta zilizotapakaa chuo kizima, mwanafunzi akae popote na kuyakuta mafaili yake. Tatizo likawa hili: mashine imekaa mahali pa wazi, yeyote anaweza kuichokora, na waya wa mtandao yeyote anaweza kuusikiliza. Neno la siri litapitaje humo? Wakajenga Kerberos, jina la yule mbwa wa hadithi za Wagiriki anayelinda lango la kuzimu, juu ya wazo lililochapishwa na Needham na Schroeder mwaka 1978.

Ilifanya kazi hivi. Asubuhi unaandika kinit, unatoa neno la siri mara moja, na neno lenyewe halipiti kwenye waya. Unapewa tiketi. Ukitaka kuchapisha au kusoma barua, tiketi hiyo ndiyo inayokuombea tiketi nyingine za huduma hizo. Tiketi ina mwisho. Katika toleo la 4 muda wake uliandikwa kwa baiti moja, ukihesabiwa kwa vipande vya dakika 5, kwa hiyo haikuweza kuishi zaidi ya masaa 21 na dakika 15. Akiiiba mtu, ana siku moja tu ya kuitumia. Ukifanya kazi kwenye ofisi yenye Active Directory, tiketi hizo unazitumia hadi leo bila kujua.

Halafu likaja wingu. Amazon walifungua S3 na EC2 mwaka 2006, na tukarudi kwenye ufunguo usiokufa, tena wa akaunti nzima! Mpango wa watumiaji wengi, IAM, ulikamilika 2011, na mwaka huohuo ikaja STS, huduma ya kutoa vitambulisho vya muda. Mwaka 2013 wakaruhusu kuingia kwa SAML, yaani akaunti yako ya ofisini ikufungulie wingu. Lakini SAML ilitengenezwa kwa ajili ya brauza. Sisi wa terminali tukaanza vituko: programu kama saml2aws zinajifanya brauza, zinajaza fomu ya kuingia na kuchambua HTML inayorudi. Ukurasa ukibadilishwa kidogo, basi, hakuna kazi asubuhi hiyo.

Na wengi hawakuhangaika hivyo, walibaki na ufunguo wao kwenye faili. Mwaka 2016 wadukuzi waliukuta ufunguo wa AWS ndani ya msimbo wa Uber kwenye GitHub, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57.

Ni mwaka 2020 ambapo toleo la 2 la programu ya AWS ya terminali lilikuja na aws sso login. Terminali haigusi neno lako la siri: inakufungulia brauza, unaingia kama kawaida, yenyewe inasubiri tokeni. Kisha inaomba vitambulisho vya muda. Vitazame: vinaanza na ASIA, wakati ufunguo wa kudumu huanza na AKIA. Onyo moja: mtu akikutumia kiungo chenye msimbo wa kuthibitisha ambao hukuuomba wewe, usibonyeze kukubali. Unampa yeye tokeni yako.

Kijana akaniuliza swali zuri zaidi: na skripti ya malipo nayo itafungua brauza usiku wa manane? La. Seva hupewa rola, na tangu 2012 mashine ya EC2 inajichukulia vitambulisho vya muda yenyewe na kuvibadilisha kabla havijaisha. Zetu zote tumezihamisha huko, isipokuwa mfumo mmoja wa mteja ulioko nje ya wingu. Huo bado una AKIA yake, na safari hii nimeandika ukutani unatumika wapi. Jumamosi nitakaa nao.