Sikio na Wageni Wake

Msomaji, ukiulizwa leo ni muziki gani uupendao, utajibu nini? Mimi niliulizwa swali hilo nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Nilijibu kwamba napenda taarabu ya Mombasa, gita la Kongo, nyatiti ya Waluo, na nyimbo za Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1964, ambaye sauti yake ingali ikisikika katika nyumba nyingi za Kenya. Wenzangu walicheka. Mmoja wao akasema, "Mshika mbili moja humponyoka, sembuse wewe uliyeshika nne?" Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya jibu hilo nimeipata katika historia. Nataka kukupa wewe, kwani huenda siku moja ukachekwa kama nilivyochekwa mimi.

Shitaka lenyewe ni hili: apendaye ngoma zote hana ngoma yake. Si shitaka dogo. Muziki si kelele ya kupitishia wakati. Ndio uliotulaza tulipokuwa wachanga, na ndio utakaotusindikiza kaburini. Lakini anayeshitaki hivyo hudhani kwamba kila muziki ulizaliwa peke yake, ukalelewa ndani, usipate kuonana na mgeni. Na tuchunguze kama dhana hiyo ni kweli.

Tuanze pwani. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka mwaka 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akauingiza katika jumba lake. Muziki huo uliimbwa kwa Kiarabu, na waliousikiliza walikuwa wakubwa wachache. Baadaye akatokea Siti binti Saad, mwanamke wa shamba, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Siti alijifunza mahadhi ya Kiarabu, na ya Kihindi hayakumpita. Lakini aliimba kwa Kiswahili, lugha ya mitaa, akayaimba mambo ya watu wa mitaa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri. Santuri hizo zilirudi na kuchezwa pwani nzima. Tazama ajabu hii: ala zilitoka ugenini, mahadhi yalitoka ugenini, hata mji wa kutilia sauti ulikuwa wa ugenini, na kilichopatikana ni kitu ambacho Waswahili walikiita chao bila kusita.

Sasa tuiache pwani, tuelekee magharibi. Watu wengi wa Kongo na nchi za jirani walichukuliwa utumwani, wakafikishwa katika kisiwa cha Kuba. Walinyang'anywa uhuru na majina yao, lakini midundo yao haikuweza kunyang'anywa. Huko midundo ilikutana na gita na nyimbo za Wahispania, ukazaliwa muziki mpya. Toka mwaka 1933 kampuni moja ya Uingereza ilianza kuuza katika Afrika santuri za muziki huo, zilizojulikana kwa herufi G.V. Watu wa Kongo walizipokea kama mtu ampokeaye mwana wa ndugu aliyepotea: hawajui asemalo, lakini sura wanaitambua. Ndipo wakapiga rumba yao wenyewe. Katika jimbo la Katanga alikuwako mpigaji mwingine, kijana Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimtia katika santuri mwaka 1952 mjini Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi. Mwenda aliimba kwa Kiswahili, akalicheza gita kwa kidole gumba na cha shahada hata msikilizaji adhani wapigaji ni wawili. Sifa zake zilifika Nairobi, naye mwenyewe akafika, na vijana wa Kenya wakakaa kumsikiliza.

Je, vijana hao walipotea? Sikiliza walichofanya. Waluo walikuwa na nyatiti, ala ya nyuzi nane, ambayo mpigaji huinama akaipiga huku mguu wake ukihesabu mwendo. Katika miaka ya 1960 wapigaji kama Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati katika Tanganyika, waliyachukua magita ya umeme wakayafanya yaseme kama nyatiti. Kutoka Kongo walichukua ufundi wa vidole. Kutoka nyumbani wakachukua mwendo wa wazee wao. Huo ndio muziki wa benga. Na kabla yake, katika miaka ya 1940, vijana wa Kikuyu walikwisha kuichukua kodiani ya Wazungu, wakaipiga pamoja na karing'aring'a, ile pete ya chuma igongwayo, wakacheza mwomboko. Mwomboko una hatua zilizosikia ngoma za Uskoti, lakini hakuna Mskoti awezaye kuudai.

Hata hapa, msomaji, nisingekuwa mkweli kama ningekuambia kwamba wenzangu hawakuwa na haki yoyote ya kunicheka. Mwaka mmoja baada ya kutoka chuoni, nyanya yangu alifariki katika kijiji chetu huko Kilifi. Usiku wa matanga wanawake waliimba nyimbo alizokuwa akiimba kwenye kinu. Walipochoka, shangazi yangu akanigeukia akasema, "Nawe mwalimu, mjukuu wake mpenzi, tutolee mmoja." Nilifungua kinywa. Nilijua nyimbo za mataifa manne, na katika nyimbo za nyanya yangu sikujua hata mmoja mpaka mwisho. Shangazi hakunilaumu, aliuanzisha mwenyewe, nami nikaitikia nyuma yake kama mtoto. Usiku ule ndipo nilipofahamu nini kilikosekana katika jibu langu la chuoni.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema tu mgeni aje, walisema awepo mwenyeji wa kumpokea. Nyumba yenye wageni wengi na mwenyeji mmoja ni nyumba ya heshima. Nyumba yenye wageni wengi na isiyo na mwenyeji ni njia ya kupitia tu. Siti alikuwa na Kiswahili chake, na Misiani alikuwa na nyatiti ya kwao. Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942, aliyapenda mno mahadhi ya sinema za Kihindi. Lakini alipoyaimba aliyavika mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya jamaa yake Ahmad Nassir, malenga wa Mombasa. Wote hao walipenda vingi kwa sababu kimoja walikijua sana.

Na mwenyeji mwema, wakati wake ukifika, naye huwa mgeni kwa wengine. Daudi Kabaka, mwimbaji wa Kenya aliyesikiliza midundo ya Afrika Kusini na ya Marekani, aliimba wimbo uitwao "Helule Helule". Mwaka 1968 kundi la Kiingereza, The Tremeloes, liliuimba wimbo huo na Waingereza wakaununua kwa wingi. Waliozoea kutuuzia santuri sasa walisikiliza wimbo wetu.

Basi, msomaji, usione haya kupenda waimbaji wasiofanana. Wasikilize wote, na ujue kila mmoja wao katoka wapi, kwa maana si adabu kula na mgeni usimwulize jina. Lakini kabla ya likizo hii kwisha, mwendee nyanya yako, au mzee yeyote wa kwenu aliye hai, ukamwombe akufundishe wimbo mmoja. Ujifunze wote, toka mwanzo hata mwisho. Mimi sasa ninao watatu, niliofundishwa na shangazi yangu, na wa nne sijaumaliza.