Mabonge ya Protini Katika Ubongo: Chanzo cha Maradhi ya Kusahau na Kutetemeka kwa Wazee

Kusahau kupita kiasi na kutetemeka kwa mikono ni dalili za maradhi ya ubongo, wala si za ushirikina. Elimu hiyo ina uzito wa pekee mkoani Simiyu, wenye makao makuu yake Bariadi, kwa kuwa mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia wazee, hasa wanawake, wakishambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayetangatanga usiku au kuzungumza na watu wasiokuwapo ni rahisi kutuhumiwa.

Kila seli ya neva hutengeneza protini ambazo hufanya kazi zikiwa zimekunjwa katika umbo maalumu. Protini iliyokunjwa vibaya hurekebishwa au huvunjwa na kuondolewa na seli yenyewe. Umri unaposonga, uwezo huo hupungua. Protini zenye kasoro hushikamana, huzifanya nyingine zifuate umbo lilelile, na hatimaye huwa mabonge. Kwa kuwa seli za neva hazijigawi kama za ngozi au damu, mabaki hayo hulimbikizana ndani yake kwa miaka mingi. Mawasiliano baina ya seli huvurugika, nishati hupungua, na seli hufa.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, uliobainishwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, protini ya amiloidi beta hujikusanya nje ya seli na ile ya tau ndani yake, na kumbukumbu huathirika mapema. Katika ugonjwa wa Parkinson, protini ya alfa-sinukleini huganda ndani ya seli, zikiwamo zinazozalisha dopamini inayoongoza mwendo wa mwili. Mgonjwa hutetemeka, hukakamaa na kutembea kwa shida.

Maradhi haya yapo nchini. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ulibaini kuwa takribani asilimia 6 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Utafiti mwingine wilayani humo ulionesha kuwa wagonjwa wengi wa Parkinson hawakuwa wamewahi kugunduliwa wala kutibiwa.

Hakuna dawa inayoponya maradhi haya, lakini levodopa hupunguza dalili za Parkinson. Aidha, baadhi ya wazee husahau kwa sababu zinazotibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, maambukizi au sonona. Kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, pamoja na kuacha tumbaku, hupunguza hatari ya kupoteza kumbukumbu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Familia inayoona dalili hizi inashauriwa kumpeleka mzee wake katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa mjini Bariadi au Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Anayetishiwa kwa tuhuma za uchawi, au ndugu zake, watoe taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji na Jeshi la Polisi.