Dhahabu ya kwanza ilikuwa ya hobi

Ukiwa Nyansiongo na useme hobi yako ni kukimbia, swali la kwanza ni: "Na hiyo inaleta pesa ngapi?" Sawa, lakini hebu tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1956 Kenya ilipeleka timu Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Melbourne. Nyantika Maiyoro, mtu wa Kisii, akamaliza wa saba kwenye mita 5,000. Oktoba 13, 1968, Naftali Temu, mzaliwa wa Sotik, hapo jirani tu, akashuka uwanjani Mexico City kwa mita 10,000. Jiji hilo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na wengi walikata pumzi. Raundi ya mwisho akabanana na Mamo Wolde wa Ethiopia, akamshinda kwa sekunde 0.6. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki.

Sasa sikia hii. Enzi hizo Olimpiki haikuruhusu wanariadha wa kulipwa. Temu alikuwa mwanajeshi; mshahara wake ulitoka jeshini, si kwenye mbio. Yaani kisheria, mwenye dhahabu ile alikuwa mtu wa hobi.

Sisemi pesa si muhimu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa medali. Nasema tu si kila unachokipenda lazima kianze na bei. Kwa hivyo ukiniona alfajiri barabara ya Sotik nikihema, usiniulize pesa. Niulize nimefika wapi.